Kiti cha Pili cha Kwenda Venisi

Hapo zamani, wala msinikodolee macho, si zamani ya mababu, ni zamani ya majuzi tu, palikuwa na mshonaji mmoja kule Usangi, milimani Upare, jina lake Nakijwa. Mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: Venisi. Aliuona mji huo kwenye kalenda kwa fundi saa, mji ambao njia zake ni maji na watu huenda sokoni kwa mashua. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Akishona, Venisi. Akipika makande, Venisi. Akisali, Mungu nisamehe, Venisi.

Basi bahati ikamwangukia. Kampuni moja ya majani ya chai ilitia kuponi ndani ya pakiti: mshindi aende na mwenzake kutalii siku tatu katika mji wowote wa Ulaya autakao. Nakijwa hata hakuiona hiyo kuponi. Aliitupa pakiti jikoni, ndani ya moto. Mumewe, Mzee Kajiru, akatia mkono motoni akaitoa, kidole kikababuka. Alitaka karatasi ya kusokotea tumbaku, jamani, tusimpambe! Lakini alipoikunjua akaona namba, na namba ile ikashinda.

Hapo mipango ikaanza, na Wapare mnawajua, kila jambo kwao ni kesi. Siku tatu tu za matembezi! Makanisa yaonwe kabla ya chai au baada? Makande yabebwe makavu au yaliyopikwa? Na huko kwenye maji, mtu akiangusha kandambili anaifuataje? Jambo moja tu halikujadiliwa, nalo ni nani atakaa kiti cha pili. Kila mtu alijua ni yeye, na kila mtu alikwenda kimyakimya akajikatia pasipoti.

Siku moja Nanzia, dada yake Mzee Kajiru, akamwambia Nakijwa, "Wifi, wewe mtu wa milimani utapandaje mashua? Utatuaibisha mbele ya wazungu. Twende ndivani ukajifunze."

Ndiva ni bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Maji hukusanywa, kisha mwenye zamu hung'oa kizibo, yakaenda shambani kwake. Mashua hawakuwa nayo, kwa hiyo wakabeba hori la kuchachushia dengelua, ile pombe ya miwa. Nakijwa akaketi ndani, kimkoba cha pasipoti shingoni, maana hakuachana nacho hata akienda kuteka maji. Nanzia akasukuma. Hori likaenda, likaenda, likafika katikati, likapinduka.

Miguu ya Nakijwa ikanasa topeni, maji yakamfika kidevuni. "Wifi, nakufa! Nakufa na Venisi sijaiona!"

Nanzia hakujua kuogelea hata kidogo. Alikimbilia ukuta wa ndiva akang'oa kizibo, maji yakatoka kwa fujo yakafagia maharage ya mtu ambaye wala haikuwa zamu yake. Na kule, kufungua ndiva bila zamu ni kosa lisilo na utani. Wazee wakamwita siku hiyohiyo, wakamtoza mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa naye mmoja tu.

Nakijwa akabaki ameketi kwenye tope kama bata. Akafungua kimkoba huku analia, maana pasipoti ikiharibika safari imekufa. Ndani akakuta kipande cha mgomba kilicholowa.

"Mgomba?" akasema. "Hii ni kazi ya Mchaga!"

Naam. Ndelilio, Mchaga muuza viatu wa pale sokoni, mtu wa kabila la migomba, alipita asubuhi kumpongeza, akachomoa pasipoti kimkobani na kutia mgomba mahali pake. Wachaga na Wapare ni watani, na mtani akikuchukulia kitu chako hukasiriki, unakikomboa. Jioni akaja anajipepea na pasipoti, kavu kabisa. "Pole, mtani! Nyinyi watu wa kushtakiana kwa ajili ya kuku, leo mtamshtaki nani, bwawa?"

Kabla hajajibiwa, simu ikalia. Ni dada mmoja wa kampuni ya chai. "Mama, viza tutawashughulikia sisi. Ila kiti cha pili niandike jina la nani? Leo ndiyo mwisho, usipotaja kinafutwa. Nasubiri."

Mzee Kajiru akainua kidole chenye kovu. "Mama watoto, bila kidole hiki Venisi yako ingekuwa majivu. Tena niambie, tangu nikuoe tumekwenda wapi pamoja zaidi ya misibani?"

Neno hilo lilimchoma Nakijwa, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

"Kaka, acha hizo, wewe ulitaka kuvuta!" Nanzia akaruka. "Wifi, maiti haipandi ndege. Nimekuokoa, na zizi langu leo tupu."

"Na nani aliyempeleka majini?" Kajiru akauliza.

"Na nani aliyemtoa?"

Ndelilio akacheka mpaka akashika ukuta. "Gombaneni. Atasafiri na kidole? Atasafiri na mbuzi? Pasipoti ninayo mimi, na kitu kwa mtani hukombolewa. Fidia yangu ni kiti."

"Mwizi mkubwa!"

"Mwizi, ndiyo. Ningekuwa mwaminifu, saa hizi ingekuwa uji."

Nakijwa akawatazama. Aliwapenda wote na alikuwa amewachoka wote. Akimwacha mume, atarudi kulala na nani? Akimwacha wifi, atamtazamaje usoni, na lile zizi li tupu? Akimnyima mtani fidia, amevunja utani, na pasipoti haioni.

"Mama, upo?" simu ikauliza.

Nakijwa akafungua mdomo. Mimi naufunga wangu. Msiniambie waende wote, kiti ni kimoja. Wala msiniambie aende peke yake: ataona maji yale yote, ageuke amwambie nani "tazama"? Haya, nyinyi mnaocheka, jibuni yule dada asije akakata simu. Mmoja alimpa bahati akitafuta moshi, mmoja alimpa uhai baada ya kumzamisha, mmoja alimwokolea safari kwa kumwibia. Je, kiti kile ni haki ya nani?