Mayai ya Kanga na Maneno Makubwa ya Kenge

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tunayo!
Yategeni basi. Leo nawafundisha sheria, mimi niliyeiacha shule ingali inanipenda.

Hapo kale Kanga alitaga mayai chini ya kichuguu, akayaatamia. Mvua yake, jua lake. Vifaranga walikuwa karibu kutoka. Kenge kila akipita, anameza mate. Kuyaiba aliogopa, maana Kanga akipiga kelele pori zima huamka. Akasema moyoni, nitayachukua kwa maneno makubwa.

Akaja kifua mbele. “We Kanga! Kichuguuni hutaga kenge, dunia nzima inajua. Hayo ni mayai ya mke wangu, umeyaiba. Nimekushtaki kwa Hakimu Nyati. Sasa wewe ni mshtakiwa!”

Kanga akatetemeka, madoa nusura yamdondoke. Akamwita jirani yake Pimbi, mvivu wa kila kazi, ila kesi za watu hakosi hata moja.

“Pimbi, nimekwisha! Mshtakiwa si ndiye mfungwa?”

“Tulia, dada. Mshtakiwa ni aliyenyooshewa kidole. Kidole si kamba. Mpaka alete ushahidi, yaani kitu cha kuonyesha kwamba asemalo ni kweli, wewe huna hatia.”

Kanga akashusha pumzi. Kenge huyo, karudi!

“Nimeomba zuio, nimepewa!”

Kanga akatetemeka, madoa nusura yamdondoke. “Pimbi, nimpe tu. Mwenye nguvu mpishe.”

“Ukimpa nitakucheka mpaka uzeeni! Zuio ni amri tu: kinachogombaniwa kibaki kilivyokutwa, asikiguse mtu mpaka kesi iamuliwe.”

“Asikiguse mtu? Hata mimi? Pimbi, yatapoa! Wanangu watafia ndani!”

Pimbi akayakodolea macho mayai. Haya, nyie wenye vyeti, mngefanyaje? Mnaona? Kimya!

Hakimu Nyati akaja mwenyewe kichuguuni, kwani desturi ya huko, kisichobebeka hufuatwa. Kenge akadakia, “Mheshimiwa, zuio! Mtoe huyo juu ya mayai!”

Pimbi akasimama. “Mheshimiwa, nimwulize mlalamikaji, yaani huyu aliyeleta mashtaka. Bwana Kenge, mayai uliyakuta wapi?”

“Chini ya huyo mwizi!”

“Yamepoa?”

“Yapoe vipi? Kayakalia kutwa, hata maji hanyanyuki kunywa!”

“Mheshimiwa, umesikia. Yamekutwa ya moto, chini ya Kanga. Na zuio linasema yabaki yalivyokutwa.”

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga kichuguu. “Kanga, nakuamuru uyakalie. Ole wako unyanyuke! Kenge, usisogee hapa. Ushahidi tutausikiliza mwezi ukiandama.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Si nilisema nawafundisha?

Mwezi ukaandama, mahakama ikarudi. Nyati hajauliza neno, ganda likapasuka. Tii! Jingine. Tii! Jingine. Tii! Ushahidi ukatoka kwa miguu yake, ukamkimbilia mama.

“Kenge,” akasema Nyati, “mwanao hapo ni yupi? Kanga hana hatia. Nimemaliza.”

“Nakata rufaa!”

Kanga akatetemeka, madoa nusura yamdondoke. Safari hii Nyati mwenyewe ndiye aliyesema, “Tulia, mama. Rufaa ni kumwomba mkubwa wangu aangalie upya nilivyoamua. Kenge, ni haki yako. Mkubwa wangu ni Bibi Mamba wa mtoni. Twende? Maana naye mayai yake yanapotea mchangani, anatafuta mtu wa kumwuliza.”

Kenge akatazama mtoni. Akalamba midomo. Akakohoa.

“Mheshimiwa, rufaa si lazima, eti?”

“Si lazima.”

“Basi nimeridhika! Nimeridhika kabisa!” Huyo, majanini, mkia nyuma unafagia.

Kanga akashusha pumzi, ile ndefu aliyokuwa ameibana tangu siku ya kwanza. Akanyanyuka, akaenda kunywa maji, na wanawe wote nyuma yake.

Ngano imeangua! Vifaranga chukueni nyie, maganda niachieni mimi.