Aliyemfikisha Bi Nyamizi Chini ya Ndoo

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mwanamke mjini Nzega aliyeitwa Bi Nyamizi. Alikuwa na kibanda cha gemu. Televisheni zilipangwa ukutani, mabenchi yalijaa, pedi za kuchezea zilifungwafungwa kwa utepe mweusi, na kelele za vijana zilianza asubuhi.

Vijana wale walicheza nini? Mpira. Asubuhi mpira, mchana mpira, jioni mpira. Kila muuza diski alipopita na kitu kingine, gemu ya safari, gemu ya vita, gemu ya hadithi ndefu, Bi Nyamizi aliinunua, akaitazama picha ya jalada, akaitia kwenye ndoo nyeupe. "Hii nitacheza mwenyewe nikipumzika," alisema. Hakupumzika. Televisheni anayoitumia mwenye kibanda haimwingizii kitu, basi akaishi akitazama migongo ya wateja. Ndoo ikajaa mpaka mfuniko ukagoma kufunga. Hebu fikirini, ujana wake wote uliishia katikati ya gemu, na pedi hakuwahi kuishika ila kuifuta vumbi.

Simu kubwa zikaja. Wateja wakahamia viganjani mwao. Kibanda kikafungwa, televisheni zikauzwa, akabakiza moja na mashine yake, akaziweka sebuleni. "Sasa nimepumzika," akasema, akaivuta ndoo kutoka uvunguni mwa kochi. Na hapo, jamani, macho yakamkatalia. Presha ya macho. Daktari hakumdanganya, alimwambia hayatarudi. Akabaki anaona mwanga na kivuli, basi.

Alilia. Sitawaficha, alilia sana, na hakutaka mtu amwambie pole. Alipomaliza kulia akanawa uso, akawaita wapangaji watatu wa vyumba vya nyumba yake.

Kile kibanda cha zamani kilikuwa sasa fremu tupu inayotazama barabara kuu, na wapangaji wote watatu waliitaka kwa kufa na kupona. Bi Nyamizi alijua.

"Wanangu, siku hizi mnanisalimia kwa adabu mpaka natia shaka," akasema. "Fremu mnaitaka. Mimi nataka gemu zangu, zote, mpaka ya chini kabisa. Atakayenifikisha chini ya ndoo hii, fremu ni yake, bila kodi, na nitamwandikia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Naapa kwa Mungu."

Atakayenifikisha. Hakusema watakaonifikisha. Wale mnaopenda kuleta ujanja mwishoni, shikeni hilo mapema.

Wa kwanza kuja alikuwa Masele, dereva wa bodaboda. Masele alivunjika mguu barabarani, ukaunga vibaya, na kila akikanyaga gia unamuuma. Aliitaka fremu auze vipuri vya pikipiki akae chini. Isitoshe, alikulia kibandani pale pale. Vidole vyake juu ya pedi vilikuwa vinakimbia kama kuku aliyetupiwa mtama.

Diski ikatoka ndooni, ikaingia mashineni. Masele akacheza. Jua halijageuka, akaruka juu. "Mama, tumeshinda!"

"Umeonaje?" Bi Nyamizi akauliza.

"Tumeshinda."

"Tumemshinda nani?"

"Jina simjui, mama. Ila amekufa."

"Alikosa nini?"

Masele akakuna kichwa. Msimcheke. Pale kibandani muda ulikuwa wa kulipia, na kila maneno yalipotokea kwenye kioo, mtoto wa kibandani alibonyeza haraka yapite. Hadithi ilikuwa kikwazo kati yake na mchezo. Masele alikuwa ameshinda gemu chungu nzima maishani mwake na hakuna hata moja aliyojua inahusu nini.

"Umenipeleka mahali umenifunga kitambaa machoni," Bi Nyamizi akasema. "Rudia."

Akaitwa wa pili, Tumpe, binti wa Tukuyu, mwalimu aliyemaliza chuo na ajira haikuja. Alikuwa anafundisha watoto wa mtaa uani, wamekalia ndala zao, na mvua ikinyesha darasa linakwisha. Fremu angeifanya darasa. Kiingereza alikijua vizuri, na sauti alikuwa nayo.

Diski ikatoka ndooni, ikaingia mashineni. Masele akacheza, Tumpe akasoma. Kila maneno yalipotokea, Tumpe alimpiga Masele kofi la mkononi asibonyeze, akayageuza Kiswahili. Ikajulikana kumbe yule aliyekufa alikuwa kaka wa yule aliyemuua, na walikuwa wanagombea kaburi la baba yao. Masele akaduwaa. "Mwalimu, mimi huyu nimemuua labda mara mia," akasema, na uso ukamshuka kweli.

"Umeonaje?" Bi Nyamizi akauliza.

"Gemu hii inatufundisha madhara ya tamaa," Tumpe akajibu.

Gemu ya pili ikaisha hivyo hivyo. Umeonaje? Inatufundisha umuhimu wa ushirikiano. Gemu ya tatu ikaisha hivyo hivyo. Umeonaje? Inatufundisha uvumilivu. Bi Nyamizi akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Ahsanteni, wanangu. Najua nani kamuua nani, na najua funzo. Lakini nimekaa hapa kama mtu aliye nje ya ukumbi wa harusi, anasikia vifijo tu. Rudisheni ndoo uvunguni. Yamekwisha."

Masele akashika ndoo upande mmoja, Tumpe akashika upande mwingine, wakairudisha. Wote wawili walikuwa na huzuni, na msidhani ilikuwa ya fremu peke yake.

Mpangaji wa tatu alikuwa Chilongani, mlinzi wa ghala la mpunga, mtu wa Kongwa. Mke wake alikuwa kwao, yeye huku, na mwaka mzima walikuwa wanaonana kwa simu. Angepata fremu mke wake angekuja, auze chai na maandazi, waishi pamoja kama watu waliooana. Lakini Chilongani hakujitokeza. Kiingereza hakujua, pedi aliishika juu chini, na mchana alikuwa akilala. Siku ile aliamka na njaa, akapita sebuleni na sahani yake ya ugali, akakuta televisheni inawaka bado haijazimwa. Akasimama, tonge mkononi.

"Duh," akasema.

"Duh nini?" Bi Nyamizi akauliza kutoka mlangoni.

"Hiyo nyasi, mama. Upepo unaipiga inalala yote upande mmoja halafu inainuka. Rangi yake ni ile ya Kongwa mwezi wa sita, imeshakauka lakini bado haijakata tamaa. Na kuna mtu anakwenda peke yake, mdogo, huku nyuma yake mlima mkubwa mpaka unamwonea huruma. Mimi nilivyoiona nimekumbuka kutoka shule na viatu mkononi."

Bi Nyamizi akarudi, akaketi. "Endelea," akasema. "Masele, Tumpe, leteni ndoo."

"Waache," Chilongani akasema, "naileta mimi." Akaweka sahani chini, akapiga magoti, akaitoa ndoo uvunguni.

Basi, kuanzia hapo ikawa sherehe. Diski ikatoka ndooni, ikaingia mashineni. Masele anacheza, Tumpe anasoma, Chilongani anaona. Na kila gemu ikiisha, Bi Nyamizi anauliza, umeonaje, na sasa majibu yalikuwa majibu.

Ilitoka gemu ya shamba. Unapanda matango, unamwagilia, unalala, unaamka, unamwagilia. Masele alisema hajawahi kuona adhabu kama ile na kwao mashamba yapo. Chilongani alikasirika kwamba wanamwagilia saa sita mchana. Tumpe alisema kwake ndiyo gemu nzuri kuliko zote, kwa sababu kila anachopanda kinaota, na hakuna anayemwambia asubiri ajira zitangazwe. Aliposema hivyo, Bi Nyamizi akamshika mkono. Tangu siku hiyo Tumpe hakusema tena gemu inatufundisha nini. Alisema imemfanya nini yeye.

Ilitoka gemu ya nyumba yenye mashetani. Masele, mtu mzima mwenye ndevu, aliomba mlango uachwe wazi. Bi Nyamizi alicheka mpaka akashika mbavu. Majirani wakasikia kicheko kile na wakaja. Wakaja hata wanaume ambao zamani walicheza mpira kibandani wakiwa na kaptula za shule, sasa wana watoto. Walikaa sakafuni kusikiliza hadithi za gemu walizokuwa wamezipita ndooni bila kuzitazama. Nyumba ile iliyokuwa na kilio sasa ilikuwa na watu, na mimi nafurahi kuisema hivyo.

Ndoo ikashuka, ikashuka, ikabaki diski moja.

Ilikuwa gemu ya msichana na punda. Msichana anatoka kwao vita imeingia, anampeleka punda wake mzee nchi yenye amani. Walitembea naye Jumapili nyingi. Masele aliwavusha madaraja mabovu kwa vidole vyake, mahali ambapo mtu mwingine angewaua. Tumpe alisoma barua za mama wa msichana, na watu wakalia. Mwishowe wakafika mtoni. Ng'ambo ndiyo ile nchi. Mchezo ukasimama, maneno yakatokea, Tumpe akayasoma.

"Mto huu haumfai punda. Vuka peke yako, au zunguka naye mlimani."

"Tunavuka," Masele akasema. "Ng'ambo ile pale, ushindi ule pale, na ndoo imeisha. Mlimani tutakufa, nimeona njia yake."

"Maneno hayasemi njia ya mlimani ina mwisho," Tumpe akasema. "Huenda haina."

Chilongani alikuwa ameinama karibu na kioo.

"Chilongani, umeonaje?" Bi Nyamizi akauliza.

"Mama, acha tu."

"Sema."

"Huyu punda macho yake yamekuwa meupe. Yalianza kule kwenye daraja la pili, nikadhani ni mwanga. Haoni, mama. Anafuata sauti ya miguu ya msichana."

Masele akaweka pedi mapajani. Hakuna aliyethubutu kumtazama Bi Nyamizi, ingawa yeye asingewaona wakimtazama.

"Nipeni hiyo pedi," akasema.

Masele akampa, akamwekea vidole. "Hapa ni kuvuka, mama. Hapa ni kuzunguka." Mikono ile ilikuwa imefuta pedi ngapi! Bi Nyamizi akabonyeza kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Akazunguka.

Mlima ulikuwa mkali kuliko Masele alivyosema. Pedi ikarudi kwa Masele, akashindwa, akaanza upya, akashindwa, akaanza upya, kidole gumba kikatoka lengelenge, akakifunga kitambaa akaendelea. Tumpe alisoma mpaka sauti ikamkauka. Chilongani alimwambia mama kila jiwe. Na Jumapili moja alasiri punda na msichana wakashuka upande wa pili, kwenye nyasi mbichi, na majirani wakapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama wakidhani ni bao. Bi Nyamizi akaigeuza ndoo, akaipiga kitakoni. Hakikudondoka kitu. "Nimefika," akasema, na machozi yakamtoka, safari hii akiwa anacheka.

Kisha akaenda chumbani, akarudi na ufunguo wa fremu. Mwenyekiti wa mtaa yupo, kalamu iko tayari.

Masele akasema, "Mama, mimi nisingesema, ila mguu huu unanisemesha. Bila vidole vyangu yule msichana angekuwa bado amesimama mlangoni kwao. Wengine walikaa, mimi nilitembea. Aliyekufikisha ni aliyetembea."

Tumpe akasema, "Mama, Masele alitembea bila mimi, na alikuletea nini? Maiti isiyo na jina. Kufika mahali hujui ni wapi si kufika. Mimi ndiye niliyekwambia uko wapi, unatoka wapi, na njia zinagawanyika wapi. Bila mimi wangevuka mto bila hata kujua kulikuwa na njia ya pili."

Chilongani akatazama miguu yake. Kisha akasema, "Mimi sikufanya kitu, mama. Nilitazama nikasema. Lakini uliapa juu ya kukufikisha chini ya ndoo, na siku uliyosema yamekwisha, hawa ndugu zangu waliishika ndoo huku na huku wakairudisha uvunguni. Aliyeitoa ni mimi. Na punda yule walimtazama wote, wenye vidole na wenye Kiingereza. Nami nina mke Kongwa, mama. Ndiyo hayo tu."

Najua mnachotaka kusema. Wewe pale unataka kusema wagawane. Fremu ile ukiweka madawati, vipuri na jiko la chai vinabaki nje, na mwenyekiti anaandika jina moja. Na wewe unayenong'ona kwamba aliyebonyeza ni Bi Nyamizi mwenyewe, haya, yeye fremu anayo tayari, sasa ampe nani?

Wapangaji watatu wamesimama bega kwa bega, na nawaambia kweli, hakuna kati yao anayemchukia mwenzake, ndiyo maana jambo hili ni gumu. Bi Nyamizi amenyoosha mkono wenye ufunguo mbele yake. Hamwoni aliye karibu wala aliye mbali, anasikia pumzi zao tu, naye aliapa kwa Mungu.

Nyinyi mnaoona, mwambieni. Ni nani aliyemfikisha?