Pimbi, Kiboko na Gari Lililogoma Mlangoni

Hodi, hodi! Hadithi iko nje!
— Ipite ndani!
Imekuja kwa miguu?
— Imekuja kwa magurudumu!
Magurudumu mangapi?
— Manne na moja la akiba!
Basi kaeni vizuri, aliye nyuma asogee mbele, anayetafuna amalize kutafuna.

Zamani kidogo, siyo zamani sana kwa sababu magari yalikuwepo, kulikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Mawenzuri. Kijiji hicho kilikuwa na desturi moja. Mgeni akiharibikiwa na gari pale kijijini, alishwe mpaka gari liwake. Wenyewe waliipenda sana desturi yao. Ilikuwa nzuri kwa sababu hakuna mgeni mwenye gari aliyewahi kupita.

Siku moja akapita Kiboko.

Kiboko alikuwa na pikapu kuukuu, ya kijani upande mmoja na ya kutu upande wa pili. Ilikuja inatetemeka, brrum-kokoto, brrum-kokoto. Ilipofika katikati ya kijiji, mtu mmoja alikuwa anapika maboga kwa nazi. Harufu ikaingia dirishani. Gari likasema brrum, likasema koko, likasema tuf! Likazimika. Kiboko akashuka, akainamia injini kidogo, akarudi kwenye usukani.

Sasa sikilizeni lilizimikia wapi. Lilizimikia mlangoni kwa Mama Pimbi! Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, na nyumba yake ni tundu kwenye mawe. Gurudumu la nyuma lilikaa sawasawa kwenye tundu, kama kifuniko kwenye chungu. Na ndani ya tundu walikuwemo watoto wake watatu, Chapwa, Tindo na Sikudhani. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuchuma majani.

Aliporudi akakuta gurudumu mahali pa mlango.

"Wanangu!" akaita kwenye ufa mdogo uliobaki.

"Mama!" wakajibu. "Nani kazima jua?"

Mama Pimbi akamwendea Kiboko, akapiga goti kwa heshima. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba usogeze gari kidogo tu. Watoto wangu wamo ndani."

"Ningekuwa na uwezo ningesogeza, mwanangu," akasema Kiboko kwa huzuni, "lakini gari bovu. Kwani hapa kwenu mgeni akiharibikiwa mnafanyaje?"

Wanyama wakajibu kwa fahari, wote kwa pamoja, "Tunamlisha mpaka gari liwake!"

"Ala!" akasema Kiboko. "Kumbe."

Siku ya kwanza wakamletea maboga kumi. Akala yote, fyam, fyam, fyam. Kisha akachomoa kijiti chake cheusi, akachokonoa meno, fyut, fyut, fyut. Kisha akapiga stata.

Nye-nye-nye-nye-nye-nye! Tuf.

"Bado," akasema Kiboko. "Chakula cha jioni kiko wapi?"

Siku ya pili akaja Ngiri. Ngiri akafungua boneti, akashika kiuno, akatikisa kichwa. "Hii ni kabureta. Petroli haifiki." Akapuliza kwenye mrija mpaka macho yakamtoka.

Nye-nye-nye-nye! Tuf.

"Bado," akasema Kiboko. "Chakula kiko wapi?"

Siku ya tatu akaja Kima. Akafungua boneti, akashika kiuno, akatikisa kichwa. "Nani kasema kabureta? Hizi ni plagi." Akazing'oa zote, akazilamba, akazirudisha.

Nyeee... nyeee... tuf.

"Bado. Chakula kiko wapi?"

Akaja Kanga. Hakufungua boneti. Alilitazama gari kwa upande, kwa jicho moja, akasema, "Gari hili limesemwa na watu." Akaondoka.

Wakajaribu kulisukuma. Kiboko alikataa kushuka, akasema mgeni hashushwi kwenye gari lake. Wakasukuma naye akiwa ndani. Kimyakimya akavuta breki ya mkono. Wakasukuma mpaka Kima akazimia, wakamnyanyua wakampeleka kivulini.

Siku ya nne Kiboko akapiga stata.

Tk.

"Hata kulia halilii tena," akasema. "Maskini gari langu. Chakula kiko wapi?"

Chakula kilikuwa kimekwisha. Wanyama walikuwa wanalala chali na kuhesabu mbavu zao. Na Mama Pimbi alikuwa amechoka kupenyeza jani moja moja kwenye ufa.

"Mama," akaita Chapwa, "Tindo kala jani langu."

"Mama," akaita Tindo, "Sikudhani amenikalia."

"Mama," akaita Sikudhani, "nimebanwa na mkojo tangu jana, na hapa ndani ni padogo."

Mama Pimbi akafuta machozi. Akasema, hapana. Akapanda juu ya gurudumu, akapita chini ya bodi, akaingia kwenye injini yeye mwenyewe.

Msishangae. Pimbi wanapenda joto. Gari likisimama tu karibu na mawe, wao huingia kwenye injini kulala. Mama Pimbi, kabla hajaja Mawenzuri, alikuwa amelala kwenye magari mengi kuliko waliyoyafungua mafundi wengi.

Akaanza kuuliza moja moja. Stata ilikuwa inalia? Ilikuwa inalia, mpaka betri ikachoka leo. Petroli ipo? Akanusa, akapiga chafya. Petroli ipo. Je, moto wa kuiwasha petroli upo? Akapapasa nyaya kwa mkono. Wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu upo. Wa nne upo. Zote zilitoka kwenye plagi zikaingia kwenye kile kikombe cheusi cha kugawa moto. Lakini katikati ya kikombe palikuwa na shimo tupu. Hapo ndipo waya wa tano unapoleta moto kutoka kwenye koili inayouzaa. Waya haukuwepo. Na shimo lilikuwa safi, halina hata vumbi.

"Mtu kauchomoa juzijuzi tu," akasema. "Mweusi, mnene kama kidole changu, urefu wa shubiri."

Huko nje akasikia, fyut, fyut, fyut.

Mama Pimbi akachungulia. Kiboko alikuwa amekaa kwenye usukani, anachokonoa meno. Kijiji kizima kilikuwa kimemtazama akichokonoa meno siku nne.

Akatoka, akapiga goti. "Mzee, hapo hujapatia. Kuna kipande cha boga jino la mwisho kabisa. Nikusaidie?"

"Nisaidie, mwanangu. Kinaniudhi tangu Jumatatu."

Kiboko akapanua mdomo. Yallah! Ulikuwa kama mlango wa ghala. Mama Pimbi akashika ule waya, akaingia ndani. Akachokonoa huku, akachokonoa kule. Halafu akauficha kwapani, akaruka nje.

"Samahani sana, mzee! Kijiti kimeniponyoka. Nadhani umekimeza."

"Nimemeza?"

"Kilikuwa kijiti cha maana?"

Kiboko akajipapasa tumbo. Angesemaje? "Aa... kijiti tu. Kijiti cha kawaida." Jasho likamtoka. Kwa mara ya kwanza gari lake lilikuwa limeharibika kweli, na dawa yake iko tumboni!

Mama Pimbi akarudi chini ya gari, akaufuta waya mate, akauchomeka mahali pake. Tak. Kisha akatoka tena, sura ya upole.

"Mzee, nakuonea huruma. Hapa umekuta njaa. Wenzetu wa Ng'ambo ya Kilima wana arusi, wanapika pilau siku saba. Laiti ungeharibikiwa kule."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Kule nao wana desturi kama ya kwenu?"

"Kule wanaongeza na kachumbari."

"Lakini gari haliwaki!"

"Kwa nini liwake, mzee? Likiwaka hulishwi. Lisukumwe tu, lifike likiwa bovu vilevile."

Kiboko akaona hiyo ni akili kubwa sana. "Haya, sukumeni!"

Ngiri, Kima na Kanga wakajikokota, wakasukuma. Hee-ya! Wakaanguka wote.

"Njaa, mzee," akasema Mama Pimbi. "Mwenye nguvu hapa ni wewe peke yako. Mimi nitashika usukani. Ila miguu yangu haifiki kwenye klachi, kwa hiyo Bwana Kobe atanikalia hapo."

Kobe akawekwa juu ya klachi. Klachi ikazama chini. Mama Pimbi akaachia breki ya mkono, akatia gia ya pili. Kiboko akashuka, akaweka mabega, akasukuma.

Hee-ya! Gurudumu likang'oka mlangoni. Pu! akatoka Chapwa. Pu! akatoka Tindo. Sikudhani hakusema pu, alipita kama mshale mpaka kichakani.

Mama Pimbi akawaona kwenye kioo. Akapumua kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. "Kobe, toka kwenye klachi!"

"Natoka," akasema Kobe.

Hee-ya! Kiboko akasukuma mpaka kwa Ngiri.

"Kobe, toka!"

"Natoka, mama. Nimeshatoa mguu mmoja."

Hee-ya! Kiboko akasukuma mpaka kisimani, ulimi nje.

"Kobe!"

"Usinikaripie, nitasahau nilipofika."

Hee-ya! Kiboko akasukuma mlima wote mpaka juu kabisa, magoti yanagongana, ko-ko-ko. Hapo ndipo Kobe akateremsha mguu wa nne. "Haya, nimetoka."

Gari likashtuka. Pwa! Pwa! Brrrum-kokoto, brrrum-kokoto! Likawaka, likaanza kuteremka upande wa pili, moshi wote usoni kwa Kiboko. Watoto watatu wakampita mbio, wakarukia nyuma ya gari.

"Limewaka!" akapiga kelele Kiboko. "Limewakaje? Simama! Simama nipande!"

Mama Pimbi akatoa kichwa dirishani. "Nitasimama, mzee, wewe ukiamuru! Lakini betri imekufa. Nikisimama litazimika, na hapa mbele kuna mlima mwingine. Itabidi usukume upya!"

Kiboko akautazama ule mlima wa mbele. Akatazama magoti yake. Akamfikiria Kobe.

"Usisimame!" akalia. "Mwanangu, nakuomba, usisimame!"

"Una hakika, mzee?"

"Nakwambia usisimame! Ukisimama nakufa!"

"Haya, mzee wangu. Asante."

Mama Pimbi alilelewa vizuri, hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Hakusimama. Hakusimama kwenye arusi ya Ng'ambo, ambako hapakuwa na arusi. Hakusimama mtoni. Alisimama petroli ilipokwisha, na ilikwishia mbali sana, kwenye mawe ya bibi yao watoto, na bibi akatoka na sinia la majani mabichi, akauliza kwa nini wajukuu wamekonda hivi.

Na Kiboko? Mpaka leo anatembea kandokando ya mto, anamwomba kila mpita njia, "Hukuona pikapu? Tafadhali, ukiiona, usiisimamishe."

Hadithi yangu imezimika hapa.
— Tuisukume?
Msiisukume, mtaniamshia watoto.

Na funzo lake ni hili, lishikeni vizuri. Gari likiharibika usiguse kitu, msubiri fundi. Usitie kichwa kwenye mdomo wa mtu. Na mtu mzima akikuamuru jambo, hata kama gari ni lake, mtii mpaka petroli iishe.