Bi Pimbi na Warekebishaji Wake Watatu

Jamani, kabla sijaanza, naomba radhi. Ngano hii niliipokea nzima, nami nitawapa ikiwa imebonyea kama sufuria iliyorudi kutoka harusini. Sauti ya kanga nitaitoa kama ya mbuzi. Penye kulia nitacheka. Mnisamehe. Asiyeweza kunisamehe na akae tu, maana mlangoni nimekaa mimi.

Nikisema "Kuna jambo!" ninyi semeni "Tupe!"

Kuna jambo!

(Tupe!)

Nyie wa nyuma hamjala? Kuna jambo!

(Tupe!)

Haya, shikeni.

Hapo kale, kale ambayo hata kale yenyewe ilikuwa bado inanyonya, wanyama wa nchi ya mawe walikuwa na chama cha kujifunza kusema mbele ya kadamnasi. Kila alasiri walikutana penye kichuguu. Mmoja akisogea, wengine humwimbia: "Panda, sema, shuka!" Naye hupanda, husema, hushuka. Kisha mwenzake mmoja, kwa zamu, humrekebisha.

Mwaka huo mvua ikakataa. Likabaki dimbwi moja tu. Kila alfajiri Ndovu, mkuu wa nchi, alikwenda kuoga humo na ukoo wake wote. Walipotoka, dimbwi lilikuwa uji wa matope. Na uji huo ndio waliokunywa wanyama wadogo.

Wanyama wadogo wakamtuma Bi Pimbi akawaombee. Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu, na wote watatu walikohoa matope. Lakini Ndovu alikuwa na desturi yake: husikiliza maombi siku moja tu kwa mwaka, na kila mmoja husema mara moja. Ukiharibu, rudi mwakani. Na kwa kikohozi kile, jamani, mwakani palikuwa mbali.

Zilibaki siku tatu.

Siku ya kwanza Bi Pimbi akaenda chamani kujaribu hotuba yake.

"Panda, sema, shuka!"

Akapanda. Akakohoa kidogo, kama waheshimiwa. Akasema: "Mheshimiwa Ndovu, waheshimiwa wake za Ndovu, waheshimiwa mashemeji wa Ndovu, wajomba waliotoka mbali, wajomba walioshindwa kutoka mbali, mchwa wenyeji wetu, itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo? Nami sijambo. Wanangu wanakunywa matope, wanakohoa usiku kucha. Basi, nawashukuru kwa kunisikiliza."

Akashuka.

Zamu ilikuwa ya Bwana Fisi. Bwana Fisi alicheka kwanza, akajishika mbavu, akajiviringisha.

"Hiyo ni sauti au mlango usiotiwa mafuta? Halafu mkia uko wapi? Umewahi kuona msemaji asiye na mkia?"

"Lakini nirekebishe nini, Bwana Fisi?"

"Jirekebishe kuzaliwa!"

Bi Pimbi akarudi nyumbani. Watoto wakamwuliza, "Mama, utasema?" Akajifunika majani, akalala.

Siku ya pili akaenda tena, miguu ikimgomea.

"Panda, sema, shuka!"

Akapanda. Mheshimiwa Ndovu, waheshimiwa wake zake, mashemeji, wajomba wa mbali, wajomba wa karibu. Hamjambo, sijambo, matope, kikohozi, nawashukuru. Yote hayo kwa sauti ya sisimizi mwenye mafua. Akashuka.

Zamu ilikuwa ya Shangazi Kanga. Shangazi Kanga hakuweza hata kungoja, alikwisharuka.

"Mashallah! Tamu! Tamu kama tende! Mwanangu, umeniua, umenizika, umenifufua!"

"Nini hasa kilichokuwa kizuri, shangazi?"

"Chote!"

"Na cha kurekebisha?"

"Thubutu! Usiguse!"

"Ulisikia niliposema habari ya wanangu?"

"Kwani una watoto? Hongera!"

Hata hivyo sifa ni sifa, wenzangu, na moyo wake ulikuwa na njaa. Bi Pimbi akarudi nyumbani akirukaruka juu ya mawe. Usiku huo akaongeza salamu za mabinamu wa Ndovu, na za wakwe.

Kuna jambo!

(Tupe!)

Siku ya tatu, ya mwisho. Zamu ilikuwa ya Dada Kakakuona.

Huyu Dada Kakakuona alikuwa na haya kupita kiasi. Ukimtazama, anajikunja anakuwa mpira wa magamba. Tangu aingie chamani alikuwa amesema mara moja tu, tena alikuwa anaomba apishwe. Bwana Fisi akacheka, "Leo tutarekebishwa na nazi!"

"Panda, sema, shuka!"

Bi Pimbi akapanda. Akasalimu mpaka kivuli cha kichuguu kikahama. Akashuka. Akangoja.

Kutoka ndani ya mpira wa magamba ikatoka sauti ndogo. "Dada Pimbi, nikuambie kwanza nilichosikia?"

"Niambie."

"Nimesikia salamu ishirini na saba. Nimesikia kwamba hujambo. Nimesikia kwamba watoto wanakunywa matope, wanakohoa. Nimesikia shukrani. Ndiyo yote."

"Na maji je? Si nimeomba maji safi!"

"Umeomba wapi, dada?"

Bi Pimbi akafungua mdomo. Akahesabu hotuba yake kwa vidole vya mbele, vikaisha. Akahamia vya nyuma. Ombi halikuwamo! Siku tatu nzima alikuwa akisalimu na kushukuru, na kitu chenyewe hakukiomba hata mara moja.

Machozi yakamtoka. "Kumbe Fisi alisema kweli. Mimi si kitu!"

Hapo Dada Kakakuona akasahau haya zake, akakunjuka, akamkaribia.

"Sikiliza, dada. Uliposema 'wanangu wanakunywa matope', magamba yangu yote yalisimama. Mengine bado yamesimama, tazama. Mwenye neno kama lile ana hotuba. Sasa, salamu iwe moja. Halafu watoto. Halafu omba unachotaka, kwa jina lake. Halafu shuka. Panda tena, nakusikiliza."

"Sasa hivi?"

"Nina safari gani mimi?"

Bi Pimbi akapanda. Salamu zikawa tano. "Punguza, dada." Akapanda tena. Zikawa mbili. "Mjomba mwache kwao." Akapanda mara ya tatu. Ikawa moja. Na ombi likatoka, limesimama kwa miguu yake.

Kesho yake wanyama wote wakakusanyika mbele ya Ndovu. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Shikamoo, babu. Wanangu watatu wanakunywa matope mliyoyavuruga, wanakohoa usiku kucha. Naomba sisi wadogo tunywe alfajiri, nanyi muoge jua likishapanda. Asante."

Akashuka.

Ndovu akapepesa masikio. "Mmekunywa matope mwaka mzima? Mbona hamkuniambia?"

"Babu," akasema Bi Pimbi, "tulikuwa bado tunakusalimu."

Ndovu akacheka mpaka majani yakaanguka. "Kuanzia kesho, wadogo kwanza!"

Kelele! Vigelegele! Watoto watatu wa Pimbi wakamrukia mama yao mgongoni. Dada Kakakuona akatazamwa na umati, akajikunja, akaviringika mpaka kwenye kichaka.

Ndipo Bwana Fisi akajitosa. Naye alikuwa na ombi: apewe kivuli cha mwamba wa kusini. Akapanda jiwe lile, akamsogelea Ndovu sikioni, akanguruma maneno makubwamakubwa. Ole! Bwana Fisi alikuwa anatema mate akisema, na hakujua. Chamani wote walijua. Nani angethubutu kumwambia, naye akirekebishwa anang'ata?

Ndovu akajifuta sikio. "Nimekusikia mpaka nimelowa. Rudi mwakani!"

Alasiri ile Bwana Fisi akaja penye kichuguu, kichwa chini. "Shangazi Kanga, wewe hunisifu kila siku! Kwa nini hukuniambia?"

"Mwanangu, manyoya yangu nayapenda."

Hapo sauti ndogo ikatoka kichakani. "Panda, Bwana Fisi. Tunakusikiliza."

Akapanda, akasema, akashuka, akafumba macho kama anayengoja fimbo.

"Nimesikia unatafuta kivuli kwa sababu jua linakuumiza," akasema Dada Kakakuona. "Sauti yako inafika mbali kuliko ya yeyote hapa, tunakuonea wivu. Mate nayo yanafika. Simama hatua tatu nyuma, meza mate, ndipo useme. Panda tena."

Fisi akatazama huku na huku. Hakuna aliyecheka. Bi Pimbi ndiye aliyeanza kumwimbia, "Panda, sema, shuka!" wote wakaitikia. Na Fisi akapanda.

Basi, wenzangu, funzo ni hili: anayetaka kukurekebisha, kwanza akusikilize. Kejeli hukuvunja mguu, sifa tupu hukuvalisha kiatu kisicho na soli. Mwenzako wa kweli hukuonyesha palipo pazuri, akakuonyesha palipopinda, kisha akangoja uende tena.

Ngano imekunja mkeka wake. Yaliyonyooka bebeni, yaliyopinda niachieni.

Juzi nilimsimulia mke wangu. Nilipomaliza nikamwuliza, "Mama Sikudhani, huyo fisi umemwelewa?"

Akaendelea kuchambua mchele. "Nimemwelewa vizuri, Baba Sikudhani. Nimeolewa naye mwaka wa ishirini sasa."