Tita la Nyaguthii

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba. Nyumba ya nani?

Ya aliyelala ndani!

Haya, sogeeni. Wewe, toa mguu hapo kwenye figa, figa si kiti.

Hapo zamani za kale, vilima vilipokuwa vingali vinaota ndoto na nyasi zikisema kama watu, palikuwa na mwanamke jina lake Wacuka. Mvua ilikuwa imeibomoa nyumba yake. Mgongoni alikuwa na mtoto, Wangeci, hata jino hana, na hapakuwa na pahali pa kumlaza.

Basi Ngatia, mumewe, akaita watu waje kujenga. Nanyi mnajua desturi yetu: nyumba ni ya siku moja. Jua likitoka, nguzo zinasimama. Jua likizama, moto uwe unawaka ndani. Ikilala tupu, kitu kingine kitatangulia kulala humo, na kitu hicho hakitoki tena.

Fisi alilijua hilo. Akaja asubuhi na mapema, akaketi kando ya shamba la viazi, mikono magotini, kama mkwe anayengoja pombe.

"Moshi umetoka?"

"Bado," akajibu Wacuka.

"Basi nangoja."

Wanaume wakachimba, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito. Wakamaliza, wakaanza kuimba: "Wanawake wa huku, mmeenda kukata nyasi au kuzipanda?" Wanawake wakapanda mlima na matita vichwani, nao wakajibu: "Nyamazeni, ndevu zenu zimezidi fito zenu!" Weee! Kicheko kikashuka hadi bondeni.

Wacuka alikuwa ameita wanawake wote. Wote, isipokuwa mmoja. Nyaguthii, mama yake Kibuchi, mke wa kaka mkubwa wa Ngatia, aliyekaa ng'ambo ya kijito.

Ugomvi wao naujua tangu mzizi. Wengine watawaambia ulikuwa wa shamba, wengine watasema mbuzi. Uongo! Ulikuwa wa uji. Siku Wacuka alipoletwa bi arusi alipika uji, Nyaguthii akaonja mbele ya wageni, akasema, "Uji huu una moshi." Basi, hayo tu. Misimu minne hawakusalimiana, wakipishana njiani kila mtu anatazama ndege.

Wanawake wakaezeka, wakaezeka, wakaezeka. Paa likajaa, likabaki pengo moja, la tita moja tu. Wakaweka tita. Likateleza, likaanguka pu!

Nyasi zikasema, "Hapa si petu. Pana mwenyewe."

Wakaweka la pili. Pu! "Hapa si petu. Pana mwenyewe."

Wakaweka la tatu, wakalifunga kwa kamba mbili. Pu! "Hapa si petu. Pana mwenyewe."

Makaa yalikuwa mlangoni ndani ya kigae, yanaanza kufifia. Moto hauingizwi chini ya paa lililo wazi.

Fisi akasogea hatua tatu. "Moshi umetoka?"

"Bado."

"Basi nangoja. Mlango wenyewe ni mzuri, haunibani."

Mwanamke mmoja akauliza kutoka juu ya paa, "Wacuka, ni nani hukumwita?"

Wacuka akatazama ng'ambo ya kijito. Alimkaza mtoto mgongoni, akashuka bondeni.

Jua lilikuwa limeegemea bega la mlima Kirinyaga, limechoka, linasinzia. Vivuli vikamtangulia njiani kama watoto waliotumwa. Miguu yake haikusikia ardhi. Alipofika kwenye kijito, maji yakanong'ona, "Unaenda wapi?"

"Kwa mtu nisiyemtaka."

"Pita basi. Si mbali kama ulivyodhani."

Na kweli, hapakuwa mbali. Nyaguthii alikuwa ameketi mlangoni pake. Ameketi juu ya nini? Juu ya tita la nyasi, limefungwa vizuri.

"Mama Wangeci."

"Mama Kibuchi."

"Nyasi hizi nilizikata jana. Tangu alfajiri nimezikalia, nasikia nyimbo zenu."

"Mbona hukuja?"

"Mimi ni mvua, niingie nyumbani nisikoitwa?"

Wacuka akatazama chini. "Nimekuja kukuita."

"Niite basi."

"Si nimeshakuita?"

"Umesema umekuja kuniita. Hujaniita."

Wacuka akageuka, akaona jua limebaki ukucha. Akahisi pumzi ya mtoto shingoni, ndogo, ya moto.

"Mama Kibuchi, njoo uniezekee nyumba."

Nyaguthii akaruka kama msichana, tita kichwani. "Umechelewa! Kimbia!"

Wakakimbia, kijito kikawafungulia mawe. Nyaguthii akapanda juu, akaweka tita penye pengo, akalipapasa kwa kiganja. Nyasi zikavuta pumzi, zikasema, "Hapa ndipo petu." Zikatulia.

Makaa yakaingia. Yakapulizwa. Moto ukashika.

Fisi alikuwa kizingitini. "Moshi ume..." Akainua pua. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi polepole, wa buluu, unapanda kama mtu anayeamka usingizini. Fisi akajikung'uta vumbi. "Kuna mwingine atajenga," akasema, akaenda zake.

Wacuka akapika uji, uji wa kwanza wa nyumba ile. Kibuyu cha kwanza akampa Nyaguthii. Ngatia alisahau kufunga mdomo.

Nyaguthii akaonja. "Uji huu una moshi."

Wacuka akatazama juu, pale moshi ulipokuwa ukipenya, penye nyasi za Nyaguthii. Mtoto alikuwa amelala kando ya mafiga.

"Una moshi, Mama Kibuchi. Nyumba ina watu."

Nyaguthii akanyoosha kibuyu. "Niongeze."

Hadithi yangu imeishia hapo, ndani kwa Wacuka. Aliyebaki nje ni fisi.