Kidonge Ndani ya Ndizi

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika mlima Rungwe hadi miguuni, na manyunyu yalianguka Kyimo bila kukoma. Mzee Ezron alisimama zizini akimtazama Sajini, farasi mzee ambaye Ezron aliachiwa na tajiri wa shamba la chai alilolitumikia ujana wake wote. Watoto wake walikwisha kuhama. Sajini ndiye aliyebaki akimwita kila alfajiri.

Manyoya ya Sajini yalikuwa marefu kama ya beberu. Hata msimu wa joto hayakupukutika. Alikunywa maji kama mchanga, na mgongo wake ulibonyea.

"Babu, huu si uzee mtupu," alisema Doreen, daktari wa mifugo kutoka Tukuyu. "Kuna tezi ndogo chini ya ubongo imeharibika. Haiponi, lakini akitunzwa ataishi. Kila asubuhi saga kidonge kimoja, changanya na maji, umsukumie mdomoni kwa bomba hili. Mnyoe manyoya. Mpe majani makavu yaliyolowekwa. Asionje kitu kitamu."

"Hata ndizi moja?"

"Hata ganda. Utamu utaziwasha kwato zake kwa ndani, na mfupa utatoboa wayo. Na huyu punda wa zizi moja naye manyoya yameanza kurefuka; huenda ni ugonjwa ule ule. Mwangalie."

Siku tatu Ezron alijitahidi. Sajini alirusha kichwa, akatema dawa, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kilio kile kilimchoma mzee moyoni. Siku ya nne aliingia migombani, akachuma ndizi mbivu, akakidumbukiza kidonge ndani yake. Sajini alimeza, kisha akamlamba kiganja.

"Baba Prisca," mkewe Tulinagwe alimwambia, "mkono mmoja unamtibu, wa pili unamwua."

"Moja tu, mama. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Moja ikawa tatu, tatu zikawa chane nzima. Punda naye alinyoosha shingo, akapata fungu lake. Kila jioni Ezron alipiga magoti kumwombea Sajini, vidole vyake vikiwa bado na utomvu.

"Mwombee," Tulinagwe alimtania kwa uchungu, "ila usimpe Mungu kazi ya kufagia maganda yako."

Mwezi Julai, Bushiri, fundi viatu aliyekuwa akija kupunguza kwato, aliushika mguu wa Sajini akakunja uso. "Mzee wangu, kwato zina moto. Anakula nini?"

"Majani makavu tu," Ezron alijibu, macho yake chini.

Katikati ya Agosti Sajini alilala asiweze kuinuka. Majirani walikusanyika, na Doreen akaitwa kutoka Tukuyu. Bushiri aliinua mguu mmoja, akawaonyesha. Wayo ulikuwa umetoboka.

"Nani amempa vitamu?" Doreen aliuliza.

Tulinagwe alimtazama mumewe.

"Ni mimi," Ezron alisema. "Alikuwa akilia, binti yangu. Sikuweza."

Doreen alifungua mkoba wake taratibu. "Babu, sasa imebaki sindano moja tu, ya kumpumzisha."

Sajini aliinua shingo kwa shida, akaupeleka mdomo kwenye mfuko wa koti la mzee, mlimokuwa na ndizi ya asubuhi ile.

"Mpe," Doreen alisema kwa sauti ya chini. "Leo haimdhuru tena."

Ezron aliitoa. Tulinagwe akamsaidia kuimenya.

Walipomaliza kumfukia, punda alikuja uani, akanusa ule mfuko mtupu, akalia kwa sauti kubwa. Mguu wa Ezron ulianza kuelekea migombani. Ukasimama njiani. Akawageukia watu, machozi yakimchuruzika kidevuni.

"Mbele za Mungu na mbele yenu," alisema, "kuanzia leo huyu atakunywa dawa kwa bomba, na ndizi hataionja. Akilia, nitamwacha alie."

"Tumesikia, mzee wangu," Bushiri alijibu.

Punda aliendelea kulia. Ezron naye alilia, lakini hakuondoka pale aliposimama. Ama kweli, mchelea mwana kulia, hulia yeye.