Rangi Juu ya Kutu

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia ya kwamba katika mji mmoja wa milimani alikuwapo mcha Mungu aitwaye Shaddad, fundi wa kupaka vyuma rangi. Rangi aliipika mwenyewe, kwa masizi, mafuta ya kitani na utomvu, na watu walimwamini kwa kuwa hakupaka chuma kabla ya kukwangua kutu yake yote.

Mwaka mmoja alikabidhiwa mnyororo wa kisima cha msikiti, ambao hutumika kumteremsha mtu anayekwenda kuzoa tope. Akaukwangua pete baada ya pete. Zilipobaki chache, wingu la mvua likatanda. Akahofu mvua isimkute na chuma kitupu, akazipaka hizo zilizosalia juu ya kutu yake. Mnyororo ukang'aa. Imamu akamwombea dua, naye akaitikia amina.

Tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni. Kila alipotia nia ya kwenda kusema, haya ilimrudisha mlangoni.

Mkewe, Rayhana, akamwuliza, "Bwana wangu, una nini? Jana umesahau rakaa."

Akamweleza yote. Rayhana akasema, "Na asubuhi hii Mundhir, mzoa tope, anashuka kisimani."

Shaddad akatoka mbio bila viatu. Alipofika, Mundhir alikuwa chini tayari, na watu wameushika mnyororo wamvute.

"Msivute, nakuombeni kwa haki ya Mola wenu," akasema akitweta. "Nilipaka juu ya kutu. Nimekuhadaeni."

Watu wakauachia mnyororo. Imamu akaagiza kamba nene, ikateremshwa, Mundhir akajifunga. Muda wote Mundhir alipokuwa akivutwa, Shaddad alisujudu topeni, hathubutu kuinua uso.

Mundhir akatoka salama. Ndipo wakafunga mawe kwenye mnyororo ule, wakavuta. Ukakatika kwenye zile pete, na kishindo kikapanda kutoka kisimani.

"Ndugu yangu," akasema Shaddad, "nilitaka jina langu libaki zuri. Nisamehe."

Mundhir akajibu, "Nitakusamehe moyo ukinitulia. Lakini ungeendelea kuona haya kidogo tu, usingempata wa kumwomba msamaha."

Enyi ndugu, macho ya waja huishia kwenye rangi, na Mola aliyetukuka anaiona pete iliyo chini yake. Tumwombe atujaalie kusema kweli mapema, mwenzetu akiwa bado hajashuka.